Barua kutoka Mlima Elgon

Dada yangu mpendwa,

Nipo Kitale. Mahindi yamesimama kila upande, na mchana mlima hujifunika mawingu. Kabla sijaondoka Tanga uliniuliza: mnyama akiula msitu wa asili, hasara hupimwaje? Jibu utalitumia katika misitu yako ya Usambara, basi soma kwa utulivu.

Niliingia Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon kwa lango la Chorlim, nikiongozwa na askari wa wanyamapori. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1968, ina kilomita za mraba 169 tu. Mla miti mkuu ni ndovu. Ndio hao wanaoingia gizani katika pango la Kitum, refu kama mita 200, wakachokonoa kuta kwa pembe wapate chumvi. Pembe hizohizo huchuna magome.

Askari alinizungusha kila mti. Gome ndilo linaloshusha chakula kutoka majanini hadi mizizini. Likichunwa duara zima, mti hufa wima. Ukibaki ukanda, mti huweza kuishi, na gome jipya hutambaa kutoka kingoni likifunika jeraha. Kwa hiyo kuhesabu miti iliyochunwa hakutoshi. Pima mzingo, pima sehemu iliyochunwa, andika kama kovu ni bichi au la zamani.

Machipukizi yaliyoliwa yalinisumbua zaidi: ni vigumu kumjua aliyeyala. Pongo hana meno ya mbele ya juu, hivyo huvuta na kuchana, ncha ikabaki na nyuzinyuzi. Lakini ng'ombe na mbuzi nao huchana vivyo hivyo! Ni lazima uiname utafute alama za kwato na mavi. Panga huacha mkato safi. Nimeupenda mno uangalifu huu wa kutomsingizia mnyama.

Kisha nikapita Bungoma, nikapanda kuelekea Chepkitale, nchi ya Waogiek. Njiani, chini ya msitu, niliona visiki na madoa meusi ya matanuri ya makaa. Moyo uliniuma. Ndovu wa Elgon walipunguzwa sana na ujangili wa miaka ya 1970 na 1980, na bado watu huwatupia lawama ya msitu kupungua. Fomu ya vipimo yenye safu ya wanyamapori peke yao, isiyo na ya shoka wala mifugo, itatoa jibu la uongo hata kama kila kipimo ni sahihi.

Huko kwenu, zungushieni uzio vipande vichache vya msitu, na kando ya kila kimoja mwache kingine wazi, mlinganishe miche mwaka hadi mwaka. Anzeni kabla ya masika. Niandikie mmechagua wapi, nami nikirudi nitakuja kushika kamba ya kupimia.

Nisalimie mama na watoto.

Nduguyo