Kitindamimba wa Mezani

Sogea, vuta kigoda. Chai ina tangawizi, na maziwa ni ya huyo ng'ombe unayemsikia akipumua huko nyuma ya migomba. Hilo jiwe ulilowekea kikombe chako, hebu lipapase uone lilivyo laini. Nitakuambia lilitoka wapi, ila niache nianzie mbali kidogo.

Miaka ya tisini, ukitelemka kwa miguu kutoka Old Moshi, baridi ya migombani ilikuacha taratibu, na ulipofika Kiboriloni sweta lilikuwa limeshafungwa kiunoni. Unasikia soko kabla hujaliona. Wauza mitumba wamepanda juu ya meza, wanapiga makofi na kuita bei kwa wimbo. Kuku wanalia ndani ya matenga. Makonda wa Himo wanagonga bodi za magari. Nyuma ya soko palikuwa na bar moja ya bati, na ndani ya bar hiyo, siku moja katikati ya miaka hiyo, lori lilishusha meza ya pool. Wanaume sita waliibeba huku wanahema, na sisi tukaifuata kama watu wanaomsindikiza bibi harusi.

Ilikuwa meza ya kulipia kwa sarafu. Mwanzoni tulitumia shilingi 100, ile yenye swala, na baadaye ikaja ya 200 yenye simba wawili. Unaipachika sarafu kwenye ulimi wa chuma, unausukuma ndani kwa kiganja, unauvuta, na chini ya mbao mipira inaporomoka yote kwa pamoja. Mlio ule sijaupata popote pengine. Ni kama radi inayoanzia upande wa Mawenzi kabla ya mvua za masika. Mtu aliyekuwa amesinzia kaunta aliinua kichwa. Waliotaka kucheza walipanga sarafu zao juu ya ukingo wa meza, moja nyuma ya nyingine, na foleni hiyo iliheshimiwa kuliko ya zahanati.

Sakafu haikuwa sawa. Mguu mmoja wa meza uliwekewa kipande cha boksi, lakini hata hivyo mpira uliopigwa polepole ulikuwa na tabia ya kuelekea mtelemkoni, upande wa reli. Tulijua hivyo wote, na mgeni aliyetoka mjini alijua baada ya kupoteza pesa.

Mtu aliyenifundisha mchezo wenyewe ni Baba Mkubwa. Kazi yake ilikuwa kuonja kahawa. Moshi ndiko mnada wa kahawa ulikokuwa, na kabla ya mnada lazima awepo mtu wa kuonja na kusema hii ni ya namna gani. Hata nyumbani alikunywa chai kwa kijiko, anaivuta kwa kishindo, fyuuu, anaizungusha mdomoni, anafumba macho. Watoto tulimwiga mpaka mama akatufukuza mezani. Kabla ya kahawa alikuwa Marekani. Aliondoka mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, akaenda kusoma, akafikia Brooklyn. Mchana alikuwa chuoni, usiku alifagia ukumbi wa pool ili alipe kodi ya chumba, na wenye ukumbi wakifunga alibaki humo na taa moja na meza moja.

Hapo alipata shujaa wake. Alikuwa anaitwa Cisero Murphy, kijana Mweusi wa Brooklyn hiyohiyo, aliyekuwa akizuiwa kuingia mashindano makubwa kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1965 hatimaye wakamwalika Burlington, huko Iowa, na mara hiyo ya kwanza tu kushiriki akachukua ubingwa wa dunia. Baba Mkubwa alisimulia jambo hilo kama alikuwepo, ingawa hakuwepo. Murphy alikuwa na kituo katikati ya pigo lake: fimbo inakwenda, inasita kidogo kama mtu anayekumbuka kitu, ndipo inaachia. Baba Mkubwa alicheza hivyohivyo hadi uzeeni, na vijana wa Kiboriloni wakadhani mkono wake unatetemeka. Walikuja kujua.

Mchezo aliotoka nao huko Wamarekani huuita 14.1, yeye alisema tu "kumi na nne". Sisi kwenye bar tulicheza ule wa kugawana mipira, wewe ya rangi nzima mimi ya mistari, mwisho nyeusi. Kwenye kumi na nne hakuna yako wala yangu. Unataja mpira, unataja shimo, ukiingia umepata pointi moja, na unaendelea mpaka ukose. Wanakubaliana labda mia, labda mia na hamsini. Sasa mipira ni kumi na mitano tu, mia itafikaje? Hapo ndipo penye utamu. Ukishaingiza kumi na minne, ule wa mwisho unaachwa palepale ulipo. Ile kumi na minne inarudishwa kwenye fremu ya pembetatu, nafasi ya mbele ikiachwa tupu. Halafu unaupiga ule uliobaki uingie shimoni, na kwa pigo hilohilo mpira mweupe uende ukalipasue kundi, ili upate cha kuendelea nacho.

Huo unaobaki aliuita kitindamimba.

Ungekuwa Mchaga usingehitaji maelezo, lakini kwa kuwa ni mgeni wangu niseme. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza alipewa kihamba, yaani shamba la ukoo, na wa mwisho alibaki na nyumba ya baba, migomba yake na makaburi yake. Wa katikati walitazama njia. Baba Mkubwa alikuwa wa katikati. Baba yangu alikuwa wa mwisho, na mimi kwa baba ni wa mwisho. Kwa hiyo Baba Mkubwa alipoelekeza fimbo kwenye mpira mmoja karibu na kundi akasema, "Huyu mwache, huyu ni wewe," nilielewa. Mingine yote itaondoka. Na baada ya mingine kuondoka aliingiza sarafu, mipira ikanguruma chini ya mbao, naye akapaza sauti: "Desemba imefika!" Bar nzima ilicheka, maana kila mtu alikuwa anayaona magari ya Dar es Salaam yakipanda mlima kwa msururu, watu wakirudi nyumbani kwa Krismasi, na yule aliyebaki amesimama getini anawangoja.

Aliweza kucheza hivyo Jumapili tu, baada ya ibada ya kwanza, wakati bar bado inapigwa deki na sarafu za foleni hazijapangwa. Harufu ya bar saa hizo ilikuwa nyingine kabisa: maji ya sabuni, bia ya jana, mkaa unaoanza kushika, na ndoo ya mbege iliyofunikwa kwa jani la mgomba pembeni ya mlango. Mama mwenye bar alimpenda kwa sababu alimwamkia mhudumu kabla ya kuagiza, na kwa sababu kila mipira kumi na minne ilikuwa sarafu mpya.

Nikuonyeshe Jumapili moja. Mvua ilikuwa inapiga bati, tukawa tunazungumza kwa ishara. Mipira mitatu ilikuwa imebaki. Nyekundu, namba tatu, ilikaa kiasi cha kiganja kutoka mahali upande wa kulia wa kundi utakapokuja kukaa. Ile ya mstari wa zambarau ilikuwa karibu na shimo la katikati. Nyeusi ilikuwa chini kabisa, kingoni. Mimi ningeanza na nyekundu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa rahisi. Aliuzuia mkono wangu. "Kila mtu anakula kilicho karibu na mdomo," akasema, "halafu anabakiwa na mpira kingoni, mbali na wenzake, ambao haumfai mtu." Yeye nyekundu alikuwa ameichagua tangu mipira ikiwa sita au saba mezani, na pigo lake kila moja tangu hapo lilikuwa la kuilinda isiguswe.

Akaingiza nyeusi. Kisha akainama kwa ile ya zambarau, aliyoiita kaka wa kitindamimba. "Kaka ndiye anayemfungulia mlango mdogo wake," alizoea kusema, maana ukikosea kwa kaka huna utakachofanya kwa kitindamimba. Akaipiga kwa upole ambao sikuwahi kuuona kwa mtu mwenye vidole vinene kama vile. Zambarau ikaingia shimo la katikati, mpira mweupe ukabiringika viganja viwili, ukatulia.

Akanivuta nisimame nyuma yake. "Angalia. Kama mweupe, nyekundu na shimo viko mstari mmoja, nyekundu itaingia lakini mweupe utasimama hapohapo, kundi litakaa kama lilivyo. Ukikaa pembeni mno, mweupe utapita na njia zake. Tafuta katikati ya hayo mawili." Sarafu ikaingia, ngurumo ikaja, akaipanga ile kumi na minne kwa mikono yake mwenyewe, akiibana kwa vidole gumba mpaka yote ikagusana. Akapaka chaki. Nilitarajia aliangalie shimo. Alikuwa anaangalia mpira wa pili kutoka pembe ya kundi, pale mweupe utakapofikia. Fimbo ikaenda, ikasita, ikaachia. Nyekundu ilishuka shimoni bila kugusa kingo, na wakati huohuo mlio mwingine, mzito zaidi, ta! Kundi likafunguka kama watoto wa shule kengele ya saa nane ikilia. Mvua ikiwa vilevile juu ya bati. Alifika pointi 47 siku ile kabla ya kukosa, kwenye meza iliyolala upande.

Nyumbani alinifundishia juu ya kichanja cha kuanikia kahawa, msimu ukiwa umekwisha. Mipira yetu ilikuwa ndulele, zile za manjano, na fimbo ilikuwa kipande cha mpini. Hatukuzipiga, zingepasuka. Alizimwaga tu kumi na tano, akaniuliza: "Nani anabaki?" Nikikosea anazikusanya, anazimwaga tena. Jioni nzima. Ukungu unashuka kutoka msituni, mfereji unalia chini ya migomba, shangazi anaita kwamba machalari yanapoa, na watu wawili wa umri tofauti wameinamia ndulele.

Hakuna aliyeuiga mchezo ule. Baadaye yalikuja mashindano ya Safari Pool Taifa, yaliyodhaminiwa na bia ya Safari, na vijana wetu walijiandaa kwa moyo, lakini huko walicheza ule wa kawaida. Mtu aliyelipa sarafu yake hataki kukaa dakika arobaini anamwangalia mzee anafikiri. Hata kwao Marekani kumi na nne ilishanyauka. Watu walihamia kwenye mchezo wa mipira tisa, unaokwisha haraka na kupendeza kwenye televisheni. Mwaka 2016 Rais Magufuli alipowakemea vijana wanaocheza pool asubuhi badala ya kufanya kazi, wenye bar wengi walifunika meza zao mpaka jioni. Jumapili asubuhi, kwa hiyo, nayo ikanyamaza. Baba Mkubwa hakuiona siku hiyo. Alikuwa ameshalala kihambani mwake, alichonunua kwa mshahara wake mwenyewe, chini ya migomba, mimea ya isale pande zote. Vijana wa Kiboriloni walipanda hadi msibani kwa miguu, wakasimama nyuma, kofia mikononi.

Kuna hesabu aliyopenda kuitaja: 526. Ndiyo mipira aliyoingiza Willie Mosconi mfululizo bila kukosa mwaka 1954, Springfield, Ohio. Baba Mkubwa aliamini haitavunjwa mpaka kiama. Juzi mjukuu alinisomea kwenye simu kwamba John Schmidt alifika 626 mwaka 2019, kisha Mskoti Jayson Shaw 714 mwaka 2022. Nilipiga mahesabu usiku kitandani. Mipira 714 ni vitindamimba hamsini na moja, kila mmoja amechaguliwa, amelindwa, akaenda na kundi likafunguka. Nilitamani kumwamsha nimwambie.

Bar ile sasa ina skrini kubwa za watu wa mikeka ya kubeti, na mashine mbili za kamari, dubwi, ukutani zinazowaka usiku kucha. Sarafu bado zinaingia, ila mlio wake ni mdogo, wa plastiki. Sijui nimlaumu nani. Kijana anatafuta riziki pale anapoiona. Kahawa yenyewe imeng'olewa kwenye vihamba vingi, watu wakapanda nyanya na nyumba. Kitindamimba wangu naye yuko Dar es Salaam, anaendesha gari la mizigo, na sijamzuia. Njia ya wa katikati imekuwa njia ya wote.

Mama mwenye bar alipoifumua meza, mbao zilienda kuwa kitanda na kitambaa cha kijani alikichukua fundi cherehani. Jiwe la ndani, lile la chini ya kitambaa, hakuna aliyelitaka. Nililileta hapa kwa pikapu, tukalishusha watu wanne, tukaliweka chini ya mparachichi, ndiyo hilo. Desemba iliyopita mjukuu wangu wa Mwanza, wa miaka sita, alizunguka pembeni yake akitia kidole kwenye vile vijishimo vya nusu duara, kimoja kimoja, akavipata sita.

"Babu," akasema, "jiwe lako nani kaling'ata?"

Nikamtuma akachume ndulele kumi na tano.