Kilo Zimepungua

Mwalimu wa semina aliandika ubaoni: *The window was broken.* Kisha akauliza: hapa "broken" ni kitenzi au kivumishi?

Tukakaa kimya. Akatupa vipimo. Ukiongeza *by the boys*, mtendaji ametokea. Hicho ni kitenzi cha kauli ya kutendwa. Ukiondoa *was* ukaweka *seemed*, na sentensi ikakubali, hicho ni kivumishi, kinaeleza hali tu. Bila vipimo hivyo, sentensi ina sura mbili.

Nilitabasamu. Kiswahili hakina shida hiyo, nilijiambia. Dirisha limevunjwa: kuna aliyevunja. Dirisha limevunjika: hatumtafuti mtu. Irabu na konsonanti chache, kesi imekwisha.

Ndipo nikakumbuka Mnero, msimu wa korosho wa mwaka juzi. Nyumbani tulipima magunia matatu: kilo 243. Kwenye stakabadhi ya ghala zikasomeka 231. Karani alisema kwa upole, "Mzee, kilo zimepungua. Korosho hukauka."

Baba akajibu, "Hazijapungua. Zimepunguzwa."

Tofauti ya maneno yao ilikuwa ndogo sana, lakini watu kwenye foleni waligeuka wote. Na kweli korosho hukauka. Mizani nayo huchezewa. Hakuna aliyeshuhudia lolote.

Usiku baba aliniambia niandike barua. Mimi ndiye msomi. Niliandika "zimepungua". Akasema, "Soma tena hapo." Nikasoma. Akatikisa kichwa. Nikamwambia, baba, hatuna ushahidi. Tukabishana mpaka taa ya sola ikafifia. Mwishowe tukakubaliana: "kilo 12 hazionekani." Kauli ya kutendeka tena. Nilimshinda baba kwa sarufi, na sikufurahi.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu, mstari mmoja: "Suala lako limeshughulikiwa." Kauli ya kutendwa, safi kabisa. Limeshughulikiwa na nani? Vipi? Haikusema. Kumbe hata -w- inaweza kumficha mtu, ukimkatia sentensi kabla hajafika.

Semina ilipokwisha nilimpigia baba nikamweleza kuhusu dirisha. Alisikiliza, kisha akasema amenunua mizani yake. Msimu huu kila gunia linapimwa mbele ya mashahidi wawili, na majina yao yanaandikwa daftarini.

"Nani anapima?" nikauliza.

"Mimi," akasema. "Andika hivyo: ninapima."