Chipu Inayosema "Labda"

Jamani wasomaji, tarakilishi zetu zinajua mambo mawili tu: 0 na 1. Swichi imewaka au imezimwa. Ukitaka ikokotoe uwezekano, tuseme asilimia 70 kwamba meseji fulani ni ya matapeli, lazima iivunje 70 hiyo iwe msururu wa 0 na 1, kisha mamia ya swichi yahangaike kuzidisha namba mbili tu.

Ben Vigoda alikuwa na wazo lingine tangu tasnifu yake ya udaktari pale MIT, Marekani, mwaka 2003: volteji yenyewe iwe ndiyo uwezekano. Volteji ya katikati maana yake "labda". Mwaka 2010 kampuni yake, Lyric Semiconductor, ilitangaza saketi ya kurekebisha makosa kwenye memori za flashi, ikidai ni ndogo mara 30 na hutumia umeme pungufu mara 12 kuliko za kawaida. Mwaka 2011 ikanunuliwa na Analog Devices.

Mimi huandika programu za kunasa meseji za matapeli, ndiyo maana wazo hili lanigusa. Hesabu yasema asilimia 70, lakini mwishowe ni kuzuia au kuruhusu. Ukizuia, huenda mama mboga akakosa meseji ya kweli ya malipo yake. Ukiruhusu, huenda akaibiwa. Chipu ya Vigoda ingeifikia 70 hiyo kwa umeme kidogo, lakini uamuzi ungebaki wetu.

Kwa hiyo salio la pesa tuwaachie 0 na 1. Penye shaka ndipo "labda" ina kazi. Ama mwaonaje?