Kutoka ramani hadi tope: kwa nini tunasoma jiografia

Wengi mnatuuliza: mkimbizi asome jiografia ili iweje? Eti kazi yake ni kutaja miji mikuu tu. Leo tunajibu, sisi tunaoisoma wenyewe jioni hapa Buja.

Jiografia huanza na swali la "wapi". Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikuja kwa mtumbwi hadi kaskazini mwa Ziwa Tanganyika kutafuta jambo moja: mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka? Wakakuta unaingia. Jiwe lenye tarehe ya safari yao liko Mugere, kusini mwa jiji. Lakini ziwa lenyewe halitulii. Karne hiyohiyo maji yalipanda, yakafungua njia ya mto Lukuga upande wa Kongo, kisha yakashuka mita kadhaa. Mvua kubwa zilizoanza 1961 zikayapandisha tena mpaka 1964. Hapo swali linageuka, linakuwa "lini" na "kwa nini". Ndo swali lililotuvuta.

Tukakutana na kazi ya Raymonde Bonnefille, mtafiti Mfaransa. Yeye na wenzake walichunguza tope la kinamasi cha Kashiru, juu milimani, hapahapa Burundi. Tope hilo lina kumbukumbu ya miaka 40,000. Ndani yake mna chavua, ule unga wa maua. Chavua za mimea hutofautiana umbo, na kwenye tope lisilo na hewa haziozi upesi. Ukizihesabu tabaka kwa tabaka, unajua lini palikuwa msitu na lini palikuwa nyasi. Mwaka 1990 walichapisha hesabu zao: wakati wa enzi ya barafu, huku kulikuwa na baridi zaidi kwa nyuzi kama 4, na mvua ilikuwa pungufu kwa asilimia kama 30.

Sasa hii inatuhusu nini? Inatuhusu Gatumba. Miaka hii maji yameingia majumbani huko tena na tena, na wengi wetu tuliotoka Uvira tulipitia palepale. Tulienda kuuliza wazee: mwaka 64 maji yalifika wapi? Mzee mmoja akatuonyesha kwa fimbo. Leo mahali pale kuna vyumba vya kupanga, na wenzetu watatu wanalala humo. Mzee akihama au akifariki, habari hiyo inaenda naye.

Wafanyakazi wa misaada, tunawaomba: kabla ya kupima kiwanja cha mahema, kaeni kwanza na wazee wa pale.

Na sisi vijana? Diploma zetu zilibaki ng'ambo ya Rusizi. Ofisi moja ilitujibu kwamba bila hizo hatuandikishwi. Tutaendelea kudai. Ila daftari haliombi diploma. Andika tarehe, mvua ilianza saa ngapi, maji yalifika mlango gani. Uvira na Buja wanakunywa ziwa moja. Siku tukirudi, daftari hilo litakuwa na kazi kule pia.

Nani anaanza wiki hii?