Kutoka chukudu hadi pikipiki ya umeme

Mtengenezaji wa kwanza wa vyombo vya usafiri niliyemfahamu maishani alikuwa seremala wa Mavivi, karibu na Beni, mashariki mwa Kongo, mzee tuliyemwita Papa tu, aliyechonga chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kando ya njia iendayo uwanja wa ndege. Mti wake ulikuwa mkaratusi, mpira wa magurudumu aliukata kwenye tairi kuukuu, na beringi alizichomoa kwenye magari yaliyokufa. Chukudu ikivunjika njiani kutoka Oicha, mwenyewe aliikokota mpaka kwa mzee, wakazozana kidogo, ikatengenezwa, ikarudi barabarani na mzigo wake wa ndizi au makaa. Goma wameisimamishia chukudu sanamu, na inastahili. Kila kitu ndani yake kilijulikana hapahapa, na aliyeiunda alikuwa mtu unayeweza kumwamsha asubuhi.

Pikipiki zilipokuja, hali hiyo ilikwisha. Zilifika Butembo zikiwa vipande ndani ya masanduku, kutoka India na China, kupitia Mombasa, Kampala na mpaka wa Kasindi. Ufundi niliujifunza kwenye gereji moja ya Butembo, na sehemu kubwa ya kazi yetu ilikuwa kuyafungua masanduku hayo na kuunganisha kilichomo. Wamotari, waendesha pikipiki za kukodi, wakazitwaa njia zote, za Mangina, za Oicha, za Kasindi. Walibeba kakao, wanafunzi, wajawazito, hata majeneza. Pembeni wakajipanga Makadafi, wachuuzi wa mafuta, na chupa zao za petroli. Petroli hiyo nayo ilitoka mpakani, kwa hiyo mvua ikiharibu barabara au risasi zikilia, bei ilipanda siku hiyohiyo, na motari akakosa cha kumpelekea tajiri wake, mwenye pikipiki, jioni.

Ndiyo maana habari za Kampala zilitugusa sana. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kilitoa gari la watu wawili, Kiira EV, linalokwenda kwa betri. Kampala kwetu ni karibu kuliko Kinshasa. Malori yanayotulisha yanatoka huko. Mwaka 2014 wakaonyesha gari la Smack, linalotumia petroli na umeme pamoja, na 2016 likaja basi la Kayoola, viti 35, paneli za jua juu ya paa. Gerejini tulisema: wamefika.

Walikuwa bado hawajafika. Kiwanda chao cha Jinja kilianza kujengwa mwaka 2019, miaka minane baada ya gari la kwanza, na hapo kampuni yao ni ya serikali, ilipewa ekari 100, na wajenzi walitoka jeshini. Dar es Salaam nako Masoud Kipanya, mchoraji katuni na mtangazaji, alizindua gari lake dogo la umeme mwaka 2022, na ujasiri wake naupenda kwa moyo wote. Lakini gari moja laweza kuundwa na mafundi hodari na usiku mwingi wa kukesha. Gari la mia lazima lifanane na la kwanza, na hilo linataka vipuri vinavyofika kwa wakati, vipimo visivyodanganya, na fedha inayoweza kulala bila kuzaa.

Haya tuliyaonja wenyewe. Mimi na wenzangu tulichukua pikipiki kuukuu, tukang'oa injini, tukaweka mota kwenye gurudumu la nyuma na betri mahali pa tangi. Kwenye tambarare ya Mavivi ilikimbia bila kelele, watoto wakiifuata. Njia ya Butembo ndiyo iliyotuonyesha kazi. Ni kilomita 54 kutoka Beni, na mji wenyewe umekaa juu ya mita 1,700. Pikipiki ikiwa na magunia mawili ya kakao na abiria, mota ilichemka kwenye kila mlima na betri ikaisha kabla ya safari. Ndani ya betri ya lithiamu seli nyingi hufungwa pamoja. Moja ikiwa dhaifu, zote hukoma pale inapokoma yenyewe. Kupata seli zinazolingana kulitushinda kuliko kupata mota. Ndege nyingi hazikubali kuzibeba kwa hofu ya moto, meli huchukua muda, na mpakani kila afisa alikuwa na jina lake la kuziita na kiwango chake cha ushuru.

Watu hutuambia Kongo ina kobalti, basi betri zingekuwa zetu. Ni kweli kwamba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa nchini mwetu. Ila inachimbwa Lualaba na Haut-Katanga, inasafirishwa bila kusafishwa mpaka mwisho, na kwa sehemu kubwa inasafishwa China. Betri ikimrudia mtu wa Beni, inapita Mombasa na Kasindi kama sanduku la pikipiki. Tena pikipiki nyingi za umeme sasa hutumia betri za chuma na fosfati, zisizo na kobalti hata chembe. Kumiliki shimo hakumpi mtu kiwanda.

Umeme wenyewe umebadilika, na hili lanipa matumaini. Zamani kuchaji betri kwa jenereta kulikuwa kuchoma mafuta kwa njia ndefu zaidi. Sasa kituo cha Luviro, megawati zaidi ya 14, kimeleta umeme wa maji Lubero na Butembo. Watu wa Mutwanga walitangulia kupata umeme wa namna hiyo mwaka 2013, na kiwanda cha sabuni kikafuata nyaya.

Kilichobaki kigumu ni fedha na amani. Tajiri mmoja wa Butembo alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Fundi, pesa yangu itarudi lini?" Mji huu umejengwa na biashara ya kontena: unaagiza, unauza, unaagiza tena. Kiwanda kinadai miaka. Na nani ataahidi miaka hapa? Mauaji ya raia wa Beni tangu 2014, Ebola kuanzia 2018, hali ya dharura tangu Mei 2021. Vijana tuliowafundisha kufunga betri walikimbia na familia zao, wengine hawakurudi.

Hata hivyo njia ipo. Kampuni ya Roam ya Nairobi, ilipoitwa Opibus, ilianza kwa kubadili magari makuukuu kuwa ya umeme. Kigali, kampuni ya Ampersand humruhusu motari kubadilisha betri kituoni badala ya kuinunua, na mzigo wa bei unamwondokea. Wote walianza karibu na mtumiaji, kama yule mzee wa chukudu.

Kwa hiyo nawaomba matajiri wa Butembo: msingoje kiwanda kama cha Jinja. Chukueni faida ya kontena moja, mfungue kituo cha kubadilishia betri na karakana ya kuzitengeneza, kwanza mjini Butembo ambako umeme upo. Nanyi wakubwa wa forodha, wekeni kiwango kimoja cha ushuru wa seli, mkibandike ukutani Kasindi, kila fundi akisome.