Mwendo Wetu wa Ndakaini



Kina mama kadhaa wameniuliza iwapo yafaa familia yenye kujiheshimu kwenda likizo ya kutembea milimani, na kama yafaa, ijiandae vipi. Swali la kwanza jibu lake ni fupi: yafaa, maadamu sitara imehifadhiwa na sala hazikupotea. La pili lanilazimu nieleze kosa langu mwenyewe, ingawa mke wangu amecheka aliposikia kwamba nitaliandika.

Likizo ya Agosti mwaka jana tulipanda treni kutoka Mombasa, mimi, mama watoto, mabinti wawili na kijana wetu wa miaka 12. Tulilala usiku mmoja mjini Murang'a kwa mwanafunzi wangu wa zamani anayefanya biashara huko, kisha tukaelekea Ndakaini, katika vilima vya Gatanga, ambako tulikodi nyumba karibu na maji. Wengi huita mahali hapo ziwa, lakini ni bwawa, lililokamilika mwaka 1994. Mito ya Thika, Githika na Kayuyu humimina humo, na ukuta wake wa udongo una kimo cha mita 65 hivi. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka hapo. Basi nawe uliyewahi kutia udhu katika msikiti wa Nairobi, yamkini ulijipangusa uso kwa maji ya Murang'a.

Matayarisho yalifanywa na binti yangu mkubwa katika daftari la shule, na mengi aliyapanga vyema. Buibui la kawaida likiloa umande wa mashamba ya chai huwa zito mfano wa tanga la jahazi, basi yeye na mama yake walishona magauni mapana yanayoishia kwenye vifundo vya miguu, na ndani wakavaa suruali za sufu. Tulibeba mahamri, tende na chupa mbili za chai ya tangawizi. Mimi nilishughulikia sala. Kwa kuwa tulinuia kukaa siku tatu tu, ruhusa ya kupunguza na kukusanya sala ilibaki nasi. Anayenuia siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, hana ruhusa hiyo kwa madhehebu yetu ya Shafii. Ama viatu vya kupandia mlima, vikifunika vifundo, vikawa havipenyezi maji, na vikavaliwa baada ya tahara kamili, msafiri aweza kuvipangusa kwa siku tatu na usiku wake badala ya kuvivua. Soksi nyepesi za dukani hazitoshi. Nayasema haya kwa urefu kwa kuwa maji ya kule alfajiri ni ya baridi kali, na nimeona watu wazima wakiyatazama kwa kuyaogopa.

Kosa lilianza kwenye ukurasa wa pili wa daftari. Binti aliandika, "Siku ya kwanza: matembezi mafupi." Mimi nilikuwa nimesikia kwamba barabara za kulizunguka bwawa hutumika kwa mbio za kilomita 21, nikalifuta neno "mafupi" nikaandika "tulizunguke lote." Mama watoto alisoma, akanyamaza. Nilidhani ameridhika.

Tulianza saa tatu asubuhi. Ndakaini ni zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na sisi watu wa pwani pumzi zetu hazijazoea. Hata hivyo nilikwenda mbele na kijana wangu, nikimweleza habari za chai na mito, nikifurahia kwamba katika umri wangu bado nina miguu. Manyunyu yakaanza, ukungu ukashuka. Yapata saa mbili baadaye niligeuka, nikaona njia tupu. Binti mkubwa alikuja peke yake akikimbia. "Baba, mama amekaa chini. Hawezi tena."

Tulirudi kwa zaidi ya nusu saa, nami njia nzima nikisoma istighfari. Tulimkuta katika banda ambamo wakulima hupimia majani ya chai, goti limevimba, binti mdogo amemshika mkono. Mama mmoja mchuma chai alikuwa amemfunika kwa shuka lake mwenyewe na kumpa uji wa moto. Aliponiona aliniambia kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Mzee, unatembea kama unafukuzwa."

Mke wangu alingoja mama yule aondoke. Kisha akasema, "Bwana, msikitini huinuki kwenye rukuu mpaka yule mzee wa safu ya kwanza awe ametulia. Mimi nimekosa nini?"

Sikuwa na jibu. Nimesomesha mara nyingi jinsi Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyomfanya Uthman bin Abil-As kuwa imamu wa watu wake na kumwamuru awaangalie kwa kipimo cha aliye dhaifu wao. Nimeisomesha mlango wa sala, nikaiacha humo. Na goti lile lilimuuma tangu Mombasa. Hakuniambia kwa kuwa sikuuliza.

Tulirejea kwa pikapiki, mmoja mmoja. Usiku ule nilimpa yeye daftari na kalamu, naye akawa amiri wa safari. Siku iliyofuata tulitembea muda wa saa moja tu, tukaketi kutazama ndege juu ya maji, na watoto hawakuwahi kucheka namna ile.

Asubuhi ya kuondoka tulisali alfajiri mjini Murang'a. Kulipopambazuka, ukungu uliokuwa umelifunika anga siku zote ulifunguka kidogo, na Mlima Kenya ukasimama mweupe kileleni, kulia kidogo ya kibla. Binti mkubwa akaulizia Ziwa Ellis, lililoko upande wa Chogoria, mita 3,400 na ushei. Mama yake hakukataa. Alifungua daftari akaandika: usiku mmoja mjini Chogoria, mwingine karibu na lango la hifadhi, ili vifua vizoee, goti likaguliwe na daktari kwanza. Kisha, chini kabisa, akaongeza: "Baba atatembea nyuma."