Vidonge juu ya kabati

Kwa wiki tatu mfululizo, mama mmoja mkazi wa Igoma, jijini Mwanza, alilala usingizi ambao hakuwa ameupata kwa miaka sita. Hakuamka saa saba usiku kupapasa miguu ya mtoto kama ina joto. Hakuhesabu vidonge. Mwanawe wa miaka saba, mwenye ugonjwa wa selimundu, alikuwa ameombewa kwenye mkutano wa injili, na mhubiri mgeni alimwambia mama huyo mbele ya watu: kama unaamini, dawa za nini tena?

Swali hilo lilimwingia. Yeye ni mtu wa kanisa tangu utotoni, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama, na halali bila kusali. Miaka yote hiyo alikuwa akiomba mtoto apone. Sasa aliambiwa kwamba jibu limekuja, na kilichobaki ni yeye kuonyesha kuwa amelipokea. Asubuhi iliyofuata hakumpa mtoto dawa.

Hakuzitupa, hata hivyo. Alizifunga kwenye mfuko akaziweka juu ya kabati, nyuma ya boksi la vyombo vya wageni. Jambo hilo dogo lilimsumbua kuliko lile kubwa. Kila alipofagia chumba aliutazama ule mfuko akajiuliza: kama kweli nimeamini, mbona sijazitupa?

Mtoto alikuwa mzima. Alicheza mpira, alikula vizuri, shuleni hakukosa hata siku moja. Baba yake, dereva wa bodaboda asiyependa maneno mengi, aliuliza mara moja tu kuhusu kliniki ya mwezi ule. Alipojibiwa kwamba mtoto amepona, alinyamaza. (Ukimya wa akina baba kwenye mambo ya afya ya watoto unastahili makala yake yenyewe.)

Wiki ya nne, mvua za Novemba zilimkuta mtoto njiani akitoka shule. Alifika nyumbani ameloa chapachapa, anatetemeka. Usiku alianza kulia mgongo, kisha mapaja, kisha kifua. Mzazi aliyewahi kulea mtoto mwenye selimundu anakijua kilio hicho, si cha deko. Mtoto hujikunja, hataki kuguswa, na papo hapo hataki kuachwa.

Kinachotokea mwilini kinaeleweka vizuri. Chembe nyekundu za damu za kawaida ni mviringo na laini, zinapenya hata kwenye mishipa myembamba sana. Za mtoto huyu hubadilika umbo zikawa kama mundu, zikakakamaa, zikanasana na kuziba njia. Sehemu ya mwili isiyofikiwa na damu huanza kuuma, hasa kwenye mifupa. Baridi, kiu, uchovu na homa huchochea hali hiyo. Tena chembe hizo hazidumu. Za kawaida huishi karibu siku 120, hizi huishi siku 10 hadi 20 tu, na ndiyo maana mtoto hupungukiwa damu mara kwa mara.

Mama alipiga magoti kando ya kitanda. Aliomba kuanzia saa tano usiku hadi saa tisa, mkono ukiwa kwenye paji la uso la mtoto, homa ikipanda chini ya kiganja chake. Mfuko wa dawa ulikuwa hatua mbili kutoka pale. Hakuugusa. Aliona kwamba kuugusa ni kukiri mbele za Mungu kuwa hakuwa ameamini, na pengine ni kumvunjia mtoto uponyaji wake kwa mikono yake mwenyewe.

Ni rahisi kumcheka mama huyu ukiwa umekaa na simu yako mkononi. Lakini hakuwa mjinga, na hakuwa na upungufu wa upendo. Alikuwa amewekewa mizani, Mungu upande mmoja na vidonge upande wa pili, akaambiwa achague. Hakuna aliyemwambia kwamba mizani yenyewe ndiyo ilikuwa mbovu.

Saa kumi alfajiri baba aliamka, akavaa koti, akamfunga mtoto kwenye blanketi. Maneno aliyosema ni matano: “Mama, panda. Tutaomba tukiwa njiani.” Wakaondoka watatu juu ya pikipiki moja, mshikaki, mvua ikinyesha.

Hospitalini mtoto aliwekewa dripu, akapewa dawa ya maumivu na ya kupambana na maambukizi, akapimwa damu. Ilikuwa imeshuka mno, ikabidi aongezewe. Muuguzi aliuliza kama anaendelea na dawa zake. Mama alijibu kwamba anaendelea. Saa chache baadaye, alipoona daktari akikuna kichwa juu ya yale majibu, alimfuata muuguzi kwenye korido akasema ukweli.

Alitarajia kugombezwa. Muuguzi alimwambia, “Afadhali umesema, mama,” kisha akamvuta pembeni akamweleza jambo ambalo kwa miaka yote ya kliniki hakuwa amelisikia, au alilisikia siku ya foleni ndefu likampita.

Mtoto akiwa tumboni, alisema, anatumia aina nyingine ya himoglobini, ile ya uchanga, ambayo haigeuki mundu. Ndiyo maana mtoto mwenye selimundu huzaliwa mzima, na dalili husubiri hadi karibu miezi 6, ile ya tumboni inapopungua na ya ukubwani kushika nafasi. Dawa aliyokuwa akimeza mtoto, haidroksiurea, kazi yake kubwa ni kuuamsha mwili utengeneze tena himoglobini ile ya uchanga. Nguvu yake haiondoki siku moja mtu anapoacha kumeza. Inapungua polepole. Zile wiki tatu za amani zilitokana kwa sehemu kubwa na dawa ambazo mtoto alikuwa ameshazimeza.

Mama alibaki kimya. Zaburi ya 139, ile inayozungumzia Mungu anayemuumba mtu tumboni mwa mama yake, anaijua kwa moyo, wameiimba kwaya yao. Hakuwahi kufikiri kwamba kidonge kinaweza kuwa na uhusiano wowote na maneno yale.

Jioni alikuja mama mchungaji. Mama alipomwona mlangoni mwa wodi, na chupa ya uji mkononi na kanga begani, alitamani kujificha. Alijua ataulizwa. Aliulizwa kweli, ila swali halikuwa lile alilolitegemea.

“Umekula, mwanangu?”

Hakuwa amekula tangu jana yake. Mama mchungaji alimmiminia uji, akasubiri anywe, akammiminia kikombe cha pili. Kisha akamwambia alale, yeye atakaa na mtoto. Mama alikataa, akasema anataka kwanza kutubu.

“Utatubu ukiamka,” alijibiwa. “Eliya naye alilala kwanza.”

Habari hiyo iko katika 1 Wafalme 19. Nabii Eliya, siku chache baada ya ushindi mkubwa mlima Karmeli, anamkimbia malkia Yezebeli anayetaka kumuua. Anaingia jangwani, anakaa chini ya mti wa mretemu na kumwomba Mungu amuondoe duniani, amechoka. Wahubiri wengi huwa na haraka ya kufika kwenye ile sauti ya utulivu ya mwishoni. Lakini huduma ya kwanza ambayo Mungu anampa nabii huyu aliyekata tamaa haina neno la lawama hata moja. Malaika anamgusa aamke ale. Kuna mkate uliookwa na maji. Eliya anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na kumlisha tena, kwa kuwa safari iliyo mbele ni ndefu.

Mama alilala kwenye mkeka chini ya kitanda cha mwanawe, saa sita bila kushtuka. Alipoamka, mama mchungaji alikuwa bado anakanda miguu ya mtoto kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu.

Ndipo likaja swali lenyewe. “Mama mchungaji, kwa hiyo yule mtumishi alidanganya?”

“Mimi sijui yeye alisikia nini. Ninajua habari za Hezekia.”

Mfalme Hezekia aliugua akaambiwa atakufa. Akalia, akaomba. Mungu akamrudisha nabii Isaya na ahadi, tena ahadi yenye hesabu: ataongezewa miaka 15. Ahadi ikishatamkwa, Isaya huyohuyo anaagiza watu walete tini, zikandwe na kuwekwa juu ya jipu la mfalme. Imo katika 2 Wafalme 20, na tena katika Isaya 38. Hezekia hakuambiwa kwamba dawa ile itaharibu ahadi, wala hakusema kwamba mwenye miaka 15 mkononi hana haja ya tini. Msomaji wa Biblia anaweza kuongeza kwamba Luka, mwandishi wa Injili, anaitwa tabibu mpendwa katika Wakolosai 4, na hakuna mahali Paulo anapomwambia aiache kazi hiyo.

Mama alisikiliza, kisha akauliza kile kinachoumiza zaidi. Kwa nini basi Mungu asimponye tu? Miaka sita ya maombi, kufunga, sadaka. Kwani Mungu hampendi mwanawe?

Mama mchungaji hakujibu haraka. Alimweleza jambo ambalo kanisani hapo wachache wanalijua. Mzaliwa wake wa kwanza alikuwa na dalili zilezile. Enzi hizo, kijijini kwao, hawakulijua hata jina la ugonjwa. Walimzika akiwa na miaka mitatu, na mtu mmoja alimwambia msibani kwamba laiti angekuwa na imani mtoto asingekufa.

“Nilikaa miezi mingi siwezi kusali,” alisema. “Nikifumba macho naona jeneza dogo. Mama zangu wa kanisa walikuja kila Jumamosi wakanifulia nguo. Hawakuhubiri. Wanafua, wanaanika, wanaondoka. Kwa nini mwanangu alikufa, sijui mpaka leo. Lakini kwamba Mungu aliniacha, hapana. Nilikuwa nawaona wakianika.”

Mtoto aliruhusiwa siku ya sita. Mfuko ulishuka kutoka juu ya kabati. Kabla mtoto hajaanzishiwa tena haidroksiurea ilibidi apimwe, kwa sababu dawa hiyo huhitaji kufuatiliwa kwa vipimo vya damu na kiwango chake hupangwa na daktari. Vidonge vya foliki asidi, vinavyosaidia mwili kutengeneza chembe mpya, aliendelea navyo mara moja.

Sasa dawa hutolewa saa moja jioni, baada ya sala ya familia. Mtoto ndiye aliyependekeza mpangilio huo, akidai kwamba akimeza kwanza anasinzia kabla ya amina. Kwenye begi la shule kuna chupa ya maji na sweta, na mwalimu wake ameelezwa kwamba mtoto akiomba ruhusa ya kwenda kunywa maji au kukojoa, asizuiwe. Analala ndani ya chandarua, maana malaria kwa mtoto kama huyu ni hatari mara mbili. Homa ikipanda haisubiri kesho, anapelekwa hospitali saa hiyohiyo. Bandama la watoto hawa huharibika mapema na kinga yao hubaki dhaifu. Ndiyo sababu walio chini ya miaka 5 hupewa pia penisilini kila siku.

Kilichobadilika zaidi, kwa maelezo ya mama mwenyewe, ni baba. Kwa miaka yote upande wa mume ulikuwa ukisema ugonjwa huo umetoka “kwa akina mama yake.” Baba alikwenda kupimwa bila kuombwa. Akakutwa amebeba kinasaba kilekile, kama mkewe. Mtoto hawezi kuugua selimundu kwa kurithi upande mmoja tu. Lazima apokee kutoka kwa baba na kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa robo ya kuzaa mtoto mgonjwa. Tanzania inakadiriwa kuzaa watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na kanda ya ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye wagonjwa wengi. Wengi wa wazazi wao hawajui hali zao hadi mtoto alie.

Baba aliyabeba majibu yake hadi kwa mama yake mzazi, akayaweka mezani. “Mama, na mimi nimo,” alisema, akanywa chai, akarudi barabarani.

Mama ameendelea na biashara yake ya dagaa, anachukua Mwaloni Kirumba na kuuza kwa kisado mtaani. Kwaya hajaacha. Mwezi uliopita aliombwa kutoa ushuhuda. Alisimama, akasema mwanawe anaumwa selimundu na anatumia dawa, na Mungu ni mwema, akaketi. Hakuna aliyejua kama apige makofi. Baada ya ibada, akina mama watatu walimfuata nje, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akihakikisha hasikiki na wenzake. Wawili walitaka kujua kliniki iko siku gani. Wa tatu alitaka kujua kama kifafa nacho kinaweza kuwa na dawa na maombi kwa pamoja.

Kuna binti mdogo wa mwaka mmoja na nusu nyumbani pale, ambaye hajawahi kupimwa. Damu ilichukuliwa wiki iliyopita. Majibu ni Jumanne. Mama anasema usiku halali vizuri, anaomba, anageuka, anaomba tena. Baba amesema siku hiyo hatabeba abiria. Mama mchungaji naye ameahidi kufika saa mbili asubuhi, na chupa ya uji.